Mikataba ya Simu na Intaneti za Nyumbani: Tutazame Kwanza Mlango wa Kutokea

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa Waislamu wazungumzao Kiswahili waishio Uingereza)





Mada niliyopewa leo si ya kawaida katika mikutano yetu. Nimeombwa nizungumzie mikataba ya simu ya mezani na intaneti za nyumbani katika nchi hii tunayoishi, na namna ya kuepukana na hasara zilizojificha ndani yake. Huenda wapo wanaojiuliza, je, hili nalo ni jambo la kuzungumzwa katika kikao chetu? Jibu langu ni kwamba mkataba ni ahadi, na Mwislamu ameamrishwa kutimiza ahadi. Basi yule ajuaye kuwa atapaswa kutimiza, hana budi kujua kwanza ni kitu gani anachoahidi.

Ndugu zangu, wengi wetu tuliokulia Tanzania, Kenya na nchi jirani tumezoea vocha. Unanunua muda wa maongezi au bando, unatumia, na likiisha limekwisha. Kampuni haikudai wala wewe huidai. Ukisafiri miezi mitatu, simu inalala kabatini na hakuna barua inayokuja kukutafuta. Kwa mazoea hayo mtu anafika Uingereza, anaambiwa intaneti ni pauni kadhaa kwa mwezi, naye anaelewa kwamba mwezi asioitaka hatalipa. La hasha! Hapa anayekubali kulipa pauni 28 kwa mwezi kwa miezi 24 hakununua mwezi mmoja. Amekubali deni la miaka miwili linalolipwa kidogo kidogo. Tofauti hii isipoeleweka, mengine yote nitakayoyasema hayatafaa kitu.

Kwa kuwa ni deni, nikumbushe jambo moja kutoka Suratul Baqara. Aya ya 282 ya sura hiyo, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, inahusu kuandikiana madeni. Ndani yake mna jambo tunalolipita haraka: anayepewa kazi ya kutamka maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa, si mwenye kudai. Naye akiwa hawezi, msimamizi wake atamke kwa ajili yake kwa uadilifu. Sasa tazameni hali yetu. Mikataba ya siku hizi huandikwa yote na mwenye kudai, kurasa kwa kurasa, nasi tunabofya tu mahali palipoandikwa kwamba tumesoma na tumekubali. Hatuwezi kuibadili desturi hiyo. Lakini tunaweza kuyasoma maneno tuliyoandikiwa, au kumtafuta wa kutusomea, kabla hayajawa maneno yetu.

Na mimi husema kwamba asiyekuwa na muda wa kusoma yote, aanze na mlango wa kutokea. Wauzaji hutuonyesha mlango wa kuingilia: kasi ya intaneti, zawadi ya kadi ya dukani, miezi mitatu ya kwanza kwa nusu bei. Wewe uliza nitatokaje, lini, na kwa gharama gani. Ukijibiwa hayo matatu kwa maandishi, umeujua mkataba kwa sehemu kubwa.

Kisheria, kampuni haziruhusiwi kumfunga mteja wa nyumbani kwa zaidi ya miezi 24. Ndani ya muda huo, anayetoka mapema hulipa ada ya kuvunja mkataba, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kwa miezi iliyobaki. Hapa ndipo wapangaji wanapoumia. Mtu amekodi chumba au nyumba kwa mwaka mmoja, mara nyingine kwa miezi sita, lakini ametia saini intaneti ya miaka miwili. Mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, au kazi ikimpeleka mji mwingine, mkataba unabaki nyuma ukihesabu. Kampuni nyingi hukubali kuuhamishia mkataba huo kwenye anwani mpya, lakini si kila waya unafika kila mtaa. Na huko uendako huenda nyumba tayari ina intaneti ya wenzako. Basi muda wa intaneti usizidi muda wa nyumba. Zipo kampuni zinazouza mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Bei yake ni kubwa kidogo, na huenda ukatozwa ada ya kuunganishwa, lakini kwa asiyejua atakuwa wapi mwakani, hiyo ndiyo rahisi. Ipo pia ruta inayotumia laini ya simu ya mkononi, ambayo unaweza kuilipia kabla ya kutumia. Hiyo inakaribiana sana na vocha zetu.

Aidha, kabla ya kukubali faiba mpya iingizwe ndani, muulize mwenye nyumba. Fundi atatoboa ukuta, na ukuta si wako.

Sasa tuingie katika bei, maana hapa pana hesabu.

Tuchukue mfano. Tangazo linasema pauni 28 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24. Mtu anazidisha kichwani na kupata pauni 672. Lakini mahali fulani chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba bei itapanda kwa pauni 3 kila mwezi wa Aprili. Aliyeanza mwezi wa Oktoba atalipa 28 kwa miezi 6, kisha 31 kwa miezi 12, kisha 34 kwa miezi 6 ya mwisho. Jumla yake ni pauni 744. Jirani yake akianza mwezi wa Februari, kwa tangazo lile lile, atalipa 28 kwa miezi 2 tu, 31 kwa miezi 12, na 34 kwa miezi 10. Jumla ni pauni 768. Kampuni ni moja na karatasi ni moja. Kilichotofautiana ni mwezi waliotia saini. Na bado hatujahesabu gharama ya kuunganishwa wala ya kutumiwa ruta kwa posta.

Wapo waliosikia kwamba serikali imepiga marufuku kupandisha bei katikati ya mkataba. Habari hiyo haikufika sawasawa. Ukweli ni huu: huko nyuma kampuni nyingi ziliandika katika mikataba kwamba bei itapanda kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei, na juu yake asilimia nyingine kadhaa. Mteja aliyetia saini hakuweza kujua kiwango hicho kitakuwa kipi. Desemba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 10.5. Kampuni kadhaa kubwa zikaongeza juu yake asilimia 3.9, na majira ya kuchipua ya mwaka 2023 wateja wao wakapandishiwa bei kwa asilimia 14.4. Aliyekuwa akilipa pauni 30 akajikuta analipa pauni 34 na senti 32, wala hakuwa na ruhusa ya kuondoka bure, kwani alikuwa ameshakubali. Ndipo Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini humu tangu mwishoni mwa mwaka 2003, ilipozuia utaratibu huo kwa mikataba yote mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025. Tangu siku hiyo kampuni ikitaka kupandisha bei, ni lazima iseme mapema, kwa pauni na senti, itapandisha kiasi gani na lini. Kupandisha kwenyewe hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kumwachia mteja fumbo.

Kwa hiyo hesabu niliyoifanya hapo juu sasa kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kukubali. Zamani isingewezekana hata kwa profesa.

Iwapo kampuni itakuongezea bei kinyume cha yale yaliyoandikwa, au itabadili jambo jingine likakudhuru, unayo haki ya kutoka bila kulipa ada, na una siku 30 za kufanya hivyo tangu upewe taarifa. Taarifa hizo huja kwa barua pepe. Wengi wetu tuliandikisha mikataba kwa anwani ya barua pepe iliyofunguliwa na kijana wa duka la simu, na hatuijui hata nywila yake. Nendeni mkaitafute.

Kabla sijaacha habari ya bei, niwaambie wale wanaopokea malipo ya serikali kama Universal Credit, na wazee wanaopokea Pension Credit, kwamba kampuni nyingi zina bei maalumu ya watu wa kipato kidogo. Kwa kawaida ni chini ya pauni 25 kwa mwezi, haipandi katikati ya mkataba, na mara nyingi unaweza kutoka bila adhabu. Kama kampuni uliyo nayo inayo bei hiyo, kwa kawaida unaweza kuhamia humo hata kabla mkataba wako haujaisha, bila ada. Matangazo ya barabarani hayaitaji sana, na muuzaji anayelipwa kwa kila mteja mkubwa anayempata hana sababu ya kukutajia. Ni lazima uulize mwenyewe. Wala hakuna aibu ndani yake. Lakini zingatieni kwamba kupokea pensheni ya uzeeni peke yake hakutoshi. Ni ile nyongeza ya wenye kipato kidogo ndiyo inayohesabiwa.

Ndugu zangu wapendwa, sasa nafikia jambo ambalo limevunja udugu miongoni mwa watu wetu, nalo ni kumwazima mtu jina.

Mgeni anapofika nchi hii hana historia ya kukopa na kulipa. Kampuni inatazama kumbukumbu zake za madeni kabla ya kumpa mkataba, haioni kitu, inamkataa au inamtaka atoe amana kwanza. Basi anamwendea ndugu aliyetangulia: “Kaka, niandikishie kwa jina lako, mimi nitakuwa nakulipa kila mwezi.” Kaka anaona haya kukataa, kwani yeye naye alipofika alisaidiwa. Anaandika jina lake, anwani ya mgeni, na benki yake mwenyewe. Miezi minne ya kwanza pesa inaletwa. Mwezi wa tano mgeni amekatwa saa za kazi. Mwezi wa saba amehamia Leicester, na simu hapokei.

Nani mdaiwa hapo? Mbele ya kampuni mdaiwa ni mmoja tu, yule mwenye jina. Kampuni haijui makubaliano yenu wala haihitaji kuyajua. Makubaliano yenu yalifanyika sebuleni, hakukuwa na karatasi wala shahidi. Kaka asipolipa, huduma itakatwa, deni lote la miezi iliyobaki litadaiwa kwa pamoja, na huenda likakabidhiwa kwa wakusanya madeni. Kisha kumbukumbu hiyo mbaya itakaa katika jina lake kwa miaka 6, na atakapokwenda kuomba mkopo wa nyumba ndipo atakapoikuta. Nimewahi kuombwa kuwasuluhisha watu wawili wa namna hii. Deni halikufika pauni 400, lakini walikuwa hawasalimiani kwa mwaka mzima, na wake zao walikuwa wameacha kuhudhuria shughuli za wenzao.

Sisemi tusisaidiane. Nasema tusaidiane kwa njia isiyotuumiza sote. Mnunulie mgeni ile ruta ya kulipia kabla kwa miezi miwili, iwe sadaka yako. Au mpeleke akapate mkataba wa mwezi mmoja kwa jina lake mwenyewe. Na kama huna budi kumwekea jina lako, basi jihesabu kuwa deni ni lako tangu siku ya kwanza, mwandikiane, na muweke mashahidi. Hiyo si dalili ya kutoaminiana. Aya niliyoitaja imetuamrisha hivyo hivyo, na waliokuwa wakiambiwa walikuwa masahaba, watu waaminifu kuliko sisi.

Nizungumzie sasa simu ya mezani, hasa kwa ajili ya wazee.

Yapo majumba ambamo namba ya simu ni ile ile kwa miaka thelathini. Ndiyo inayojulikana Tanga, ndiyo inayojulikana Mombasa, imeandikwa katika madaftari ya watu ambao huenda wengine tumewasahau. Sasa mitambo ya zamani ya simu inayopita katika nyaya za shaba inazimwa nchi nzima. Kwanza ilipangwa ikome Desemba 2025, kisha ikasogezwa hadi tarehe 31 Januari 2027. Mahali pake simu inapita ndani ya intaneti, ikichomekwa nyuma ya ruta. Sauti ni nzuri, sina neno. Lakini pana mambo mawili ambayo muuzaji hayataji mpaka aulizwe.

La kwanza ni namba. Kijana anaona mama yake ana intaneti ya polepole, anamnunulia intaneti ya faiba kutoka kampuni nyingine kwa nia njema kabisa. Mkataba alioununua ni wa intaneti peke yake, maana kampuni nyingine siku hizi hazitoi simu ya mezani hata kidogo. Siku fundi anapowasha, laini ya zamani inaweza kufungwa, na ile namba ya miaka thelathini ikapotea. Mama anapiga simu kwa dada yake Pangani, haitoki. Dada naye anapiga, anaambiwa namba haipo. Dawa yake ni kuuliza kabla: je, mnatoa simu, na je, mtaihamisha namba hii? Kisha usiifunge laini ya zamani kwa mkono wako. Iache kampuni mpya iichukue namba ikiwa hai, kwa kuwa iliyokwisha kufungwa ni vigumu sana kuirudisha.

La pili ni umeme. Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka katika waya wa simu. Umeme wa nyumba ukikatika, simu ile iliendelea kulia. Simu ya intaneti inazimika pamoja na ruta. Kwa kijana mwenye simu ya mkononi si tatizo. Kwa bibi anayeishi peke yake, au aliye mahali pasipo na mtandao wa simu za mkononi, ni jambo la uhai. Kanuni ni kwamba kampuni lazima impe mteja wa namna hiyo, bila malipo, njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukiwa umekatika. Mara nyingi ni betri ya akiba. Lakini kampuni haitajua kama ana hali hiyo asipoieleza. Vile vile, wazee wanaovaa kidude cha kuitia msaada shingoni au mkononi wawaambie kampuni zote mbili, ya simu na ya kidude, kabla ya kuhamishwa. Vingi katika vidude hivyo vilitengenezwa kwa nyaya za shaba, na mwaka 2023 vipo vilivyoshindwa kuita baada ya laini kubadilishwa, hata serikali ikazitaka kampuni, mnamo Desemba mwaka huo, zisimhamishe kwa nguvu mteja ambaye haijahakikishwa kuwa atabaki salama. Watoto wenye wazazi wa aina hiyo, kidude hicho kibonyezeni baada ya fundi kuondoka, msikie wenyewe kama kinajibiwa.

Juu ya simu za kimataifa sina mengi. Mikataba mingi inayosema kwamba simu ni bure inakusudia simu za humu humu nchini, na kwa saa fulani. Afrika Mashariki haimo. Asiye na kifurushi cha nje ajiepushe na kupiga Dar es Salaam kwa simu ya mezani kabla ya kuuliza bei ya dakika.

Kuhusu kasi, nitapita haraka. Zamani matangazo yaliruhusiwa kutaja kasi ambayo mteja mmoja tu kati ya kumi aliipata. Tangu tarehe 23 Mei 2018 kasi inayotangazwa ni lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja katika saa za watu wengi, yaani saa mbili hadi saa nne usiku. Maana yake nusu nyingine huenda hawaipati. Kwa hiyo usiitazame namba ya tangazo, bali uliza kasi ya chini ambayo kampuni inakuhakikishia wewe, kwenye anwani yako. Kampuni kubwa zimeweka ahadi kwamba kasi ikishuka chini ya hapo, nao wakashindwa kuirekebisha kwa siku 30, unaweza kuondoka bila ada. Hapa tena ni mlango wa kutokea, na ufunguo wake ni ile karatasi yenye namba hiyo. Itunze.

Sasa niwaeleze haki mbili ambazo zinawafaa hasa wale wasioijua vema lugha ya Kiingereza.

Ya kwanza: tangu Juni 2022, kabla hujafungwa na mkataba wowote wa simu au intaneti, kampuni inapaswa kukupa maelezo ya mkataba pamoja na muhtasari mfupi, wenye bei, muda, kasi na masharti ya kutoka. Ni haki yako kuupata kabla, si baada. Basi anapopiga simu muuzaji mwenye maneno matamu, au anapobisha hodi mlangoni saa ya magharibi akisema ofa inaisha leo, neno moja linatosha: “Nitumie muhtasari kwanza.” Ofa isiyoweza kungoja hadi kesho asubuhi ina kitu inachokikimbia.

Ya pili: mkataba uliofanywa kwa simu, kwa intaneti au mlangoni kwako unaweza kuughairi ndani ya siku 14 bila kutoa sababu. Kama uliomba huduma ianze ndani ya siku hizo utalipia ulichotumia, na ruta utairudisha, lakini ile miaka miwili inafutika. Wakubwa wetu wengi hukaa na majuto kwa wiki mbili wakiona haya kupiga simu, na siku ya kumi na tano ndipo wanapokuja kuuliza. Njooni siku ya tatu! Na aliyekwenda dukani mwenyewe akatia saini pale kaunta asiitegemee haki hiyo, maana sheria haimpi.

Hapa naomba niwageukie wazazi. Katika nyumba nyingi anayezungumza na kampuni ya simu ni mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri. Mtoto yule anajua maneno, hajui deni. Akiulizwa kama mama anakubali masharti, anasema ndiyo ili arudi kwenye mchezo wake, na mama kando yake anatikisa kichwa kwa kumwamini. Kisha mambo yakiharibika mtoto ndiye anayelaumiwa. Hilo si haki. Msimamizi wa kumsemea asiyeweza anapaswa kuwa mtu mzima, anayejua uzito wa anachokisema. Wapo vijana wetu waliosoma, wenye kazi na nyumba zao. Mzigo huu ni wao, na nusu saa ya kumsomea shangazi mkataba haitawapunguzia kitu.

Kubadili kampuni siku hizi kumekuwa rahisi. Tangu tarehe 12 Septemba 2024 mteja huzungumza na kampuni mpya tu, nayo hushughulika na ile ya zamani. Kabla hujahama utaletewa taarifa ya ada yoyote unayodaiwa kwa kuondoka mapema. Soma kiasi kile kabla ya kuendelea. Lakini wapo wanaodhani kwamba kuondoka ni kwenda benki na kuzuia makato ya kila mwezi. Huko si kuondoka. Benki itakutii na pesa haitakatwa, bali mkataba utaendelea na deni litakua kimya kimya.

Ukiwa na mgogoro, malalamiko yako yaandikwe, na kila unapopiga simu andika tarehe, saa, na jina la uliyezungumza naye. Kampuni isipokuridhisha ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wiki 8, au ikikuandikia kwamba imefika mwisho, unaweza kulipeleka shauri kwa msuluhishi wa nje bila malipo. Kila kampuni inalazimika kuwa chini ya msuluhishi mmoja na kukutajia ni yupi. Na fundi asipofika siku ya miadi, au huduma ikikatika na isirudi baada ya siku mbili kamili za kazi, kampuni nyingi kubwa zimo katika utaratibu ulioanza Aprili 2019 wa kumlipa mteja fidia bila kusubiri aombe. Mwanzoni ilikuwa pauni 25 kwa miadi iliyovunjwa na pauni 8 kwa kila siku ya kukosa huduma, na imekuwa ikipandishwa. Tazama katika ankara yako kama imeingia.

Mwisho, kuna barua moja. Mkataba unapokaribia kuisha, kati ya siku 10 na 40 kabla, kampuni inalazimika kukuarifu kwamba muda wako unakwisha, utalipa kiasi gani usipofanya chochote, na ina bei gani nyingine za kukupa. Kwa kawaida bei ya asiyefanya chochote ndiyo kubwa kuliko zote. Barua hiyo huja mara nyingine kwa posta, katika bahasha inayofanana na matangazo ya piza. Wale waliotia saini mwaka juzi na hawajaiona, watazame leo jioni katika ile droo ya jikoni.